Vumbi na Ile Miaka Saba

Mdogo wangu, yule waliyemwita Vumbi, alitumia miaka thelathini na moja ya uhai wake ndani ya shimo, na kila alipotoka jioni alitazama juu kwanza ndipo akatazama mlango wa nyumba yake. Watu walimtania. "Vumbi, kuna nini huko mawinguni?" Naye alijibu huku akijifuta kope kwa ncha ya shati, "Naangalia tu kama wamefungua."

Alikuwa mpasua mbao. Siku hizi mbao zinatoka kwenye mashine kama mkate, lakini wakati ule gogo lililazwa juu ya shimo lenye kina kuliko kimo cha mtu, na msumeno mmoja mrefu, wenye mpini huku na mpini huku, ukashikwa na watu wawili. Mmoja alisimama juu ya gogo, mwenzake alikuwa chini shimoni. Wa juu anauinua msumeno na kuuongoza kwenye mstari. Wa chini anauvuta, maana meno hula yanaposhuka. Wa juu ana upepo na anaona anakokwenda. Wa chini anaona tumbo la gogo, na unga wote wa mbao unamwangukia usoni.

Wa juu alikuwa kaka yetu mkubwa. Walimwita Kamba, kwa sababu ya ile kamba aliyoichovya kwenye masizi na kuivutia juu ya gogo, kisha akaifyatua ikaacha mstari mweusi. Mstari wa Kamba ulinyooka mpaka siku moja siafu walipanda gogo, wakaufuata hadi mwisho, wakashindwa kurudi kwa kukosa kona. Niliwaona kwa macho yangu. Asiyeamini akawaulize siafu.

Mimi nilizaliwa kati yao: Kamba ni kaka yangu, na Vumbi nilimbeba mgongoni.

Vumbi alioa akiwa na miaka ishirini na miwili. Alimwoa fundi cherehani mwenye mguu mmoja mfupi na kicheko kirefu, mwanamke ambaye akicheka nyumba ya tatu walitabasamu bila kujua sababu. Mwaka wa pili alikwenda kujifungua, na hakurudi yeye wala mtoto. Ndugu zangu wawili walizipasua mbao za masanduku yote mawili, kubwa na dogo. Siku ya nne Vumbi alishuka shimoni kama kawaida. Miezi kumi hakusali, hakuimba, na chakula alichokula angeshiba nacho kifaranga.

Ndipo akaja kanisani kwetu mwalimu mmoja mgeni na shuka jeupe la kitanda, limechorwa kwa rangi kutoka pembe hadi pembe. Alilitundika kwenye kamba mbele ya mimbari. Upande wa kushoto kulikuwa na kanisa dogo, na juu yake mshale unaopanda moja kwa moja mawinguni: huo ndio unyakuo, Bwana akiwachukua walio wake. Halafu likafuata pande jekundu lenye wanyama wa kutisha: hiyo ndiyo dhiki kuu, miaka saba. Mwisho kabisa Mfalme juu ya farasi. Alisema kanisa litachukuliwa kabla ya lile pande jekundu, na huenda ikawa leo, kabla hatujala cha mchana. Tukamwita Bwana Shuka tangu siku hiyo, naye hakukataa.

Watu walipotoka, Vumbi alibaki. Aliweka kidole kwenye ule mshale.

"Na waliokufa?"

"Wafu wa Bwana ndio wanaoamka kwanza," Bwana Shuka akamwambia. "Halafu sisi tulio hai tunaungana nao hewani."

"Siku hiyo hiyo?"

"Kufumba na kufumbua, ndugu yangu."

Tangu hapo mdogo wangu akarudi kuwa mtu. Alinyoa nywele. Alikula. Alijiunga na kwaya, Mungu amsamehe, maana sauti yake ilikuwa ya mlango wenye kutu. Na kila asubuhi alishuka shimoni kama mtu anayeingia chumba cha kusubiri.

Sasa Kamba alikuwa ndiye pekee kati yetu aliyejua kusoma. Alikaa na Kitabu miezi mitatu, kidole chini ya mistari, midomo ikitembea, mke wake akimpelekea chai na kuirudisha imepoa. Mwezi wa nne alisimama kwenye kikao cha kanisa akasema, taratibu, kwamba ametafuta pote na hakuona mahali ambapo watakatifu wanaikwepa dhiki. Watapita ndani yake yote, miaka saba, ndipo tarumbeta italia. Basi tujiandae.

Nusu ya kanisa wakasema amina. Nusu wakasema hapana. Wiki tatu baadaye lile kanisa lilikuwa mawili. Walipogawana, Wakabla, wale wa kuchukuliwa kabla ya dhiki, walichukua jengo na shuka, na Wabaada, wale wa Kamba, walichukua mabenchi na kengele. Miaka miwili mizima Wakabla walisali wima chini ya paa, na Wabaada walisali wamekaa vizuri kwenye mabenchi, mvua ikiwanyeshea. Mama yetu alikuwa hai bado. Wakamjia wa pande zote mbili kumuuliza yeye yuko wapi. "Mimi andikeni katikati," akasema. "Ikifika miaka mitatu na nusu nitamwomba anipitie. Nimechoka na kelele zenu."

Nilipeleka chai shimoni siku waliyoligusa jambo lile kwa mara ya kwanza wakiwa wawili. Msumeno ulikuwa ukienda, juu na chini, ukisema maneno yake yaleyale. Vumbi alisema kutoka chini, bila kuacha kuvuta:

"Kaka, unaniongezea miaka saba."

Msumeno ukasimama.

"Miaka saba gani?"

"Mke wangu yuko kule na mtoto. Mimi nimeambiwa huenda ikawa leo. Wewe unakuja na Kitabu chako, unasema hapana, kwanza miaka saba ya mateso. Nimekukosea nini?"

Kamba aliinama akapangusa unga kwenye mstari wake. "Sikuandika mimi, mdogo wangu," akasema.

"Lakini unasoma kwa furaha."

"Nani amekuambia nina furaha?"

Hawakuendelea. Kwa miaka mingi baada ya hapo maneno yao kazini yalikuwa ya kazi tu. Vuta. Kabari. Geuza. Pumzika. Wanasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Hawa waligombana wameshika msumeno mmoja, kila mmoja na mpini wake, na angeacha mmoja tu, mwingine asingepasua hata kuni. Wateja walisema mbao hazijawahi kutoka nzuri kiasi kile.

Mimi nina mdomo, sikunyamaza. Nilimwambia Kamba, "Ni rahisi kuhubiri dhiki ukiwa juu, unga unamwangukia mwingine." Akaniambia nirudi na birika langu. Kesho yake alikuja na kofia ya ukindu, pana kama sinia, akaitupa shimoni bila neno.

Wangeweza kufika uzeeni hivyo. Ila Bwana Shuka, aliyekuwa sasa ndiye mkuu wa Wakabla, alizidi kuwa mkali kadiri miaka ilivyopita na mshale wake haujapanda. Alianza kufundisha kwamba asiyengoja kabla hatachukuliwa kabla. "Anayesubiri basi kwenye kituo kisicho chake," alisema, "basi litamngoja?" Kisha akakataza watu wake wasisali na Wabaada, wasiwaamkie kwa jina la Bwana, na akifa Mbaada, Mkabla asimame barabarani kwa heshima lakini mkono wake usiguse jeneza.

Hapo ndipo mdogo wangu akakosa amani. Aliacha kumkasirikia kaka yake, akaanza kumwogopea. Alikuja kwangu mchana mmoja, akakaa kwenye kizingiti cha jikoni, unga wa mbao ukimdondoka kama mtu aliyekaangwa.

"Dada, nikichukuliwa, kaka atabaki juu ya gogo ameshika msumeno peke yake."

"Wewe hutakuwepo, utajuaje?"

"Nitakuwa natazama chini. Mke wangu ataniuliza, natazama nini? Nitamwambia nini?"

Nilichukua ufagio wa jikoni nikamfagia mabega.

Akaanza kumbembeleza. Kila walipopumzika adhuhuri, alisema kutoka shimoni, "Kaka, sema tu. Mara moja. Sema ni kabla." Na Kamba alijibu, "Siwezi." Siku nyingine alisema, "Sema hata kwa kunong'ona." Na Kamba, "Bwana hasikii minong'ono?"

Nilimwendea Kamba mwenyewe nikamwambia ana roho ngumu. Akanieleza, na sijawahi kuyasahau. "Wewe unadhani nashindana naye. Mimi namwogopea yeye. Amejiambia kwamba hataguswa. Siku akiguswa atasema Mungu amemdanganya, na atamwacha. Unakumbuka ile miezi kumi? Nilikuwa juu, namsikia chini havuti pumzi ya sala hata moja. Nataka ajue mapema kwamba yatakuja, ili yakija asikimbie."

Basi nilikuwa na ndugu wawili, mmoja analia mwenzake asije akaachwa, mwingine analia mwenzake asije akamwacha Mungu, na kijiji kizima kinadhani wanabishania tarehe.

Kamba aliugua tumbo mwaka uleule. Lilivimba, yeye akakonda. Hospitali walimlaza wiki mbili wakamrudisha nyumbani na dawa za maumivu, na daktari alimwambia wifi yangu maneno ambayo hayakuhitaji kutafsiriwa. Alilala kwenye chumba chake, na kile chumba ulikiingia kwa ubavu, maana miaka yote ile alikuwa ameweka akiba ya dhiki: magunia ya maharagwe, chumvi, madumu ya maji yamepangwa ukutani hadi dirishani, viberiti kwenye kopo la mafuta. Mgonjwa alikuwa katikati ya ghala.

Vumbi alikuja saa sita mchana, akakaa juu ya gunia. Mimi na wifi tulikuwa mlangoni.

"Umepungua," Vumbi akasema.

"Na wewe umezeeka. Sikukuona vizuri kutoka kule juu."

"Kaka."

"Najua ulilokuja nalo."

"Basi sema. Nani atakucheka? Ni sisi tu hapa. Dada hatasema."

"Huyo?" Kamba akanitazama. "Huyo atasema mpaka kwa mbuzi."

Hata wifi alicheka, machozi yakimtoka. Kamba akavuta pumzi mara mbili, tatu.

"Nikisema ili nikufurahishe," akasema, "nitakuwa nakwenda kwa Bwana na uongo mdomoni, siku ya kwanza tu. Siwezi, mdogo wangu. Lakini nisikilize. Ikiwa nimekosea, hakuna mtu atakayefurahi kushindwa kama mimi. Nitaufurahia ushindi wako kuliko wewe."

Vumbi alimsogezea mto.

"Na mimi nina langu," Kamba akasema. "Yakikukuta?"

"Hayatanikuta."

"Yakikukuta, nimesema."

Vumbi alikaa na mikono yake magotini, ile mikono iliyokuwa imejikunja kwa umbo la mpini hata akiwa hana kitu.

"Yakinikuta," akasema, "nitavuta."

"Basi," Kamba akasema, akafumba macho.

Alikufa siku ya tatu, asubuhi, wifi akiwa anamnywesha maji ya dumu la kwanza kutoka mlangoni.

Kabla hata maji ya kumwosha hayajachemka, Bwana Shuka alifika kwa Vumbi. Nilikuwepo. Alivaa koti lake jeusi na sauti yake ya pole.

"Pole, ndugu. Nimesikia unataka kupasua mbao za sanduku."

"Ni kaka yangu, Mzee."

"Alikuwa kaka yako. Utaratibu unaujua. Ukimgusa, unaliambia kanisa zima kwamba hakuna tofauti."

"Mzee, ulinifundisha kwamba wafu wa Bwana ndio wanaoamka kwanza."

"Wafu wanaongoja, ndugu yangu. Wanaongoja."

"Yeye alingoja."

"Alingoja kwenye kituo kisicho chake."

Vumbi alichukua tupa na kuanza kunoa meno ya msumeno, jino baada ya jino, mpaka Bwana Shuka akachoka kusimama akaondoka.

Ikabaki tabu moja. Msumeno wa shimo haushikwi na mtu mmoja. Wana wa Kamba walikuwa mbali na wangefika siku ya mazishi. Wabaada waliokuwepo hawakujua hiyo kazi. Wakabla walikuwa wamekatazwa. Vumbi alinitazama, mimi mwanamke wa miaka hamsini na mbili, magoti yangu yakilia kama milango.

"Panda juu, dada."

"Kwa nini nisishuke mimi?"

"Ukishuka utapofuka kabla ya ubao wa kwanza. Panda. Usiutazame msumeno, utazame mstari."

Gogo lilikuwa palepale lilipoachwa siku Kamba alipoanza kuugua, limepigwa mistari yake, imenyooka, myeusi. Nilisimama aliposimama yeye. Nikainua, Vumbi akavuta. Mstari wa Kamba ulikuwa hapa, msumeno wangu ulikwenda kwa jirani. Niliurudisha, ukaenda kwa jirani wa pili. Ubao ulitakiwa uwe na unene wa kidole, ukatoka na unene wa ngumi, huku mwembamba, huku umenenepa. Vumbi aliutazama ulipoanguka.

"Dada, hii ni mbao au kizingiti?"

"Vuta," nikamwambia.

Tulikwenda hivyo hadi alasiri. Mara moja nilichungulia chini, nikaona uso wake umeinuliwa chini ya ile kofia, mweupe kwa unga, na mifereji miwili kutoka machoni. Sikujua kama ni unga unaomwasha au ni kitu kingine, na sikuuliza.

Randa tulikuwa nayo, lakini kwa vile vizingiti ungehitaji wiki nzima. Alizipigilia hivyohivyo. Sanduku lilipokamilika tukaliweka kwenye meza ya wifi, meza ikapiga magoti, nayo haikuwa hata ya dini.

Siku ya mazishi Wabaada walitoa wanaume saba wenye nguvu, waliobaki walikuwa wazee wa kushikilia fimbo. Vumbi alishika pembe ya mbele kushoto, akawa wa nane. Wakabla walisimama ng'ambo ya ua, barabarani, kofia mikononi, kama walivyoagizwa. Bwana Shuka alikuwa mbele yao na mwavuli. Wale wanane waliliinua, wakalipitisha mlangoni, wakafika penye ngazi tatu za kushukia njiani, na pale uzito wote ukaja mbele. Goti la Vumbi likakunjika. Sanduku likaanza kumlalia bega.

Mwashi mmoja wa Wakabla, mtu mkubwa kama kabati, aliyekuwa akisimama na Vumbi kwenye kwaya, akaruka ule ua. Aliweka mgongo wake chini ya ile pembe. Akafuata muuza mkaa. Wakafuata wengine wawili, halafu sikuhesabu tena, maana lile sanduku lilikuwa na hila moja: ukishalishika huwezi kuliacha, ukiliacha linamwangukia mwenzako mguuni. Wakasogea hivyo, Wakabla na Wabaada wamechanganyika bega kwa bega, hatua ndogondogo kama jongoo mmoja mwenye mzigo.

Bwana Shuka alitembea kando yao. "Wekeni chini, ndugu zangu. Wekeni chini tuongee."

"Tukiliweka chini hatuliinui tena, Mzee," mwashi akajibu, jasho likimdondoka puani. "Shika hapo nyuma."

Mimi nasema alishika. Wapo wanaosema alikuwa anajishikiza tu asianguke. Ila mwavuli wake niliuokota mimi njiani.

Jumapili iliyofuata Vumbi alikwenda kanisani kwake, kwa Wakabla, akiwa anajua linalomngoja. Nilimsindikiza, nikakaa nyuma. Alikuwa hajabadilisha neno hata moja la imani yake: kabla ni kabla, na huenda ikawa leo. Bwana Shuka alimsimamisha mbele ya lile shuka, ambalo rangi zake zilikuwa zimefifia mpaka wale wanyama wakawa na sura ya huruma.

"Ndugu," akasema, "tueleze sote. Kaka yako yuko wapi?"

Watu wote walijua swali ni la nini. Akisema ameachwa, anakaa. Akisema amo kwa Bwana, anatolewa kanisani. Mwashi aliyaangalia mabega yake mwenyewe, yaliyokuwa yamechubuka hadi shingoni.

"Amelala," Vumbi akasema. "Tarumbeta ikilia ataamka yeye kwanza, halafu mimi. Nilimwogopea bure, Mzee. Nitamkuta njiani."

Akakaa. Bwana Shuka alitazama benchi moja, akatazama la pili. Kila alipotazama kulikuwa na mtu aliyeligusa sanduku. Akasema tuimbe. Tukaimba, na mdogo wangu akaharibu sauti ya pili kama kawaida yake, na mtu wa mbele yake hakugeuka.